Sindano Gani kwa Santuri Gani: Kuchagua Adapta za Gramafoni za Kale

Mpwa wangu anaishi New Jersey, si mbali na West Orange, pale Thomas Edison alipokuwa na karakana zake. Miaka miwili iliyopita alinunua kwenye mnada wa vyombo vya marehemu gramafoni ya Edison, kabati zima la mbao, na ndani yake santuri arobaini na ushei, nene kama kifuniko cha chungu. Akanipigia simu usiku: "Shikamoo mjomba. Mashine ninayo, sasa nitumie Siti." Alitaka kupiga santuri za taarabu za bibi yake juu ya mashine ya Edison. Mimi huku Mombasa nina gramafoni ya mezani ya HMV, na hamu yangu ilikuwa kinyume chake: nizisikie hizo santuri zake nene. Tukaanza kusaka adapta, yaani vipande vya kuiwezesha mashine ya aina moja kupiga santuri za aina nyingine, kila mtu upande wake wa bahari. Tumenunua tano, zinazofanya kazi ni mbili. Santuri moja imeharibika isitengenezeke tena, na aliyeiharibu ni mimi.

Haya ndiyo ambayo laiti ningeyajua kabla ya kutoa pesa.

Maswali matatu ya kila santuri

La kwanza: sauti imechorwa kuelekea wapi? Katika santuri nyingi mfuo, yaani ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, unayumba kushoto na kulia, kama njia ya nyoka mchangani. Hiyo ni njia ya Emile Berliner, aliyepata hataza ya gramafoni yake mwaka 1887, na ndiyo waliyoifuata Victor, HMV, Odeon na wengineo. Katika santuri za Edison na za Pathé za zamani mfuo hauyumbi. Unapanda na kushuka, kama barabara ya matuta. Humu nitaziita santuri za ubavuni na santuri za wima.

La pili: ncha inayoingia mfuoni ina umbo gani? Santuri za ubavuni hupigwa kwa sindano ya chuma, ambayo kwanza husagwa na santuri yenyewe mpaka ikae sawasawa mfuoni, maana ndani ya shelaki, ile malighafi ya santuri hizo, kumechanganywa unga wa mawe. Ndiyo sababu sindano ya chuma hutumika upande mmoja tu kisha hutupwa. Pathé inataka kijigololi cha yakuti chenye nusu kipenyo cha karibu milimita 0.2. Edison inataka almasi iliyosuguliwa, yenye ncha ndogo kiasi cha nusu ya hiyo.

La tatu, ambalo wauzaji hawaligusi kabisa: nani anausukuma mkono? Kwenye HMV ni mfuo wenyewe unaoburuta sindano, na sindano inaburuta kikasha cha sauti (kile chenye utando unaogeuza mtikisiko wa sindano kuwa sauti) na mkono wote unaokibeba. Kwenye Edison kuna gia chini ya sinia (hivyo ndivyo nitakavyoiita ile duara inayobeba santuri), nayo ndiyo inayosogeza pembe nzima (ile tarumbeta ya kutolea sauti) pamoja na kikasha chake. Almasi ya Edison haiburuti kitu. Kazi yake ni kusikiliza tu.

Adapta karibu zote zinajibu swali la kwanza peke yake. Zinageuza kikasha kielekee upande unaotakiwa, basi. Ncha na mzigo vinabaki juu yako. Ukilishika hilo, tangazo la "adapta ya santuri zote" halitakubabaisha.

Hatua ya 1: Itambue santuri kabla ya mashine

Anza na unene. Ikiwa na milimita 6 hivi na nzito mkononi, hiyo ni Diamond Disc ya Edison, iliyotoka kuanzia mwaka 1912 hadi 1929. Zile za mwanzo hazina karatasi katikati. Jina limeandikwa ndani ya sahani yenyewe, na bila kuinamisha taa pembeni huwezi kulisoma.

Ikiwa ni nyembamba, tafuta jogoo. Jogoo ni alama ya Pathé. Santuri zao za zamani zina maandishi yaliyochongwa katikati badala ya karatasi, na huanza kupigwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha tulivyozoea. Lakini jogoo peke yake si ushahidi, kwa sababu baadaye Pathé ilitoa pia santuri za ubavuni. Hata Edison, mwaka 1929 akiwa karibu kufunga biashara ya santuri, alitoa chache za ubavuni za kupigwa kwa sindano ya kawaida. Na huko Marekani kampuni kadhaa ndogo, Okeh miongoni mwao, zilianza na santuri za wima kisha zikahamia za ubavuni mnamo 1919 na 1920. Kwa hiyo jina haliaminiki, amini mfuo.

Mfuo unatazamwa hivi. Azima lenzi ya sonara, ile anayoibana jichoni. Weka santuri chini ya taa iliyoinamishwa, mwanga upite juu ya uso wake kama jua la magharibi. Tafuta mahali penye sauti kubwa. Mara nyingi rangi yake imefifia kidogo kuliko kwingine. Ukiona mistari inajikunja na kuyumba, ni ya ubavuni. Ukiona mistari imenyooka lakini inapanuka na kubana, kama shanga zilizotungwa, ni ya wima. Mara ya kwanza itakuchukua dakika kumi kuona tofauti, na baada ya santuri tano utaijua kwa kutupia jicho.

Kwa nyumba za pwani habari ni nyepesi. Santuri za HMV ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 ni za ubavuni, na za lebo za Jambo na Mzuri zilizokuja baadaye ni hivyo hivyo, sawa na za Ngoma kutoka Kongo. Ukiwa na HMV, Columbia au gramafoni yoyote ya mkoba iliyokuwa ikiuzwa huku, santuri hizo hazihitaji adapta yoyote. Zinahitaji sindano mpya. Nimeona mtu akinunua kiwiko cha shaba (adapta iliyopinda ya kugeuza kikasha) kwa bei ya mbuzi wawili ili apige santuri ambayo mashine yake ilitengenezwa kuipiga.

Hatua ya 2: Itambue mashine

Shika mkono wa sauti kwa upole uusogeze kushoto na kulia. Ukienda huru kuanzia ukingoni mpaka katikati, una mashine ya aina ya HMV. Ikiwa kikasha kimeshikwa na pembe iliyo juu ya sinia, na kuna kishikio cha kukishusha na kukinyanyua, una Edison ya sahani.

Kabla hujanunua chochote, jaribu kuzungusha kikasha shingoni pake. Kampuni kadhaa zilizokuja katikati ya vita kuu ya kwanza na baada yake ziliuza mashine za kupiga kila santuri. Brunswick walikuwa na kikasha walichokiita Ultona, ambacho hugeuzwa kulingana na santuri na kina uzani wa kukipunguzia mzigo. Watu wameirithi mashine ya namna hiyo wakakaa nayo miaka bila kujua kwamba shingo inazunguka, kwa sababu mafuta yamegandia humo. Tone la mafuta ya taa, subira ya usiku mmoja, halafu jaribu tena kwa vidole, si kwa koleo. Vikasha na shingo nyingi ni za madini ya kumimina, ambayo kwa uzee huvimba na kupasuka kama biskuti. Ukilazimisha, umenunua kikasha kipya.

Hatua ya 3: Pima

Chukua kalipa (kipimo chenye taya cha kupimia vipenyo), usikadirie kwa rula. Pima kipenyo cha nje cha mwisho wa mkono pale kikasha kinapoingia, kisha kipenyo cha ndani cha tundu la nyuma la kikasha. Andika mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Halafu tazama kinavyoshikwa: kuna kinachoshikwa kwa pini inayoingia kwenye mfereji na kuzungushwa kidogo, kuna kinachobanwa kwa skrubu, na kuna kinachosukumwa tu kikakaa kwa kubana. Mtumie muuzaji namba na picha, umuombe naye akutumie namba zake. Asiyekuwa na kalipa asikuuzie. Adapta yetu ya kwanza ilikuja ikiwa pana kuliko mkono kwa zaidi ya milimita moja, nikaijaza utepe wa mafundi umeme. Ilishika, lakini hewa ilivuja na sauti ikawa ya mtu aliyejifunika blanketi.

Pima na jambo la pili: umbali wa kutoka ncha ya sindano hadi kijiti cha katikati ya sinia. Ukisogeza mkono ndani, sindano ikifika kijitini au ikapita kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Kiwiko kinaongeza urefu wa mkono, mara nyingine sentimita mbili au tatu, na baada ya hapo sindano hukatiza mifuo kwa pembe mbaya. Uliza urefu wa adapta, kisha shika kipande cha kadibodi cha urefu huo mbele ya mkono uone sindano itaangukia wapi. Hesabu hii ya kadibodi ingetuokoa pesa za adapta mbili.

Hatua ya 4: Chagua kulingana na ndoa unayotaka

*Santuri ya ubavuni juu ya mashine ya Edison.* Hii ndiyo kesi ya mpwa wangu, na ndiyo yenye matumaini zaidi. Kikasha cha almasi kinatolewa kwa kuzungushwa kidogo na kuvutwa chini, na mahali pake panaingia adapta yenye kikasha cha utando wa mika na kishikio cha sindano ya chuma. Adapta za namna hii zilitengenezwa tangu enzi hizo. Jina la Kent ndilo utakalokutana nalo mara nyingi kwenye minada ya Marekani. Usijaribu kamwe kushusha almasi yenyewe juu ya santuri ya shelaki. Mfuo wa ubavuni utaiyumbisha almasi ambayo haikuumbwa kuyumba, na utaumia wewe mara mbili: santuri na almasi.

Cha kuangalia ni kiungo. Gia ya Edison inasogeza pembe kwa kipimo cha santuri zake, mifuo 150 kwa inchi. Santuri ya kawaida ina mifuo michache, mara nyingi kati ya 80 na 100 kwa inchi. Piga hesabu: wimbo wa dakika tatu kwa kasi ya 78 ni mizunguko 234. Katika mizunguko hiyo pembe itasogea karibu milimita 40, ilhali sindano, kwenye santuri yenye mifuo 96 kwa inchi, inavutwa milimita 62. Zaidi ya sentimita mbili za tofauti lazima zipatikane mahali. Adapta nzuri ina kiungo kinachocheza kama bawaba, kikasha kikatangulia na pembe ikafuata nyuma taratibu. Adapta iliyo ngumu kama mfupa itaing'ang'ania sindano ukutani mwa mfuo mpaka iruke, au iutafune ukuta. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha picha, muombe video fupi akikitikisa kikasha kwa kidole. Kisipocheza kushoto na kulia kwa wepesi, mshukuru uende zako.

Angalia pia kimo. Edison ilipanga mambo yake kwa santuri ya milimita 6. Yako ina milimita mbili au tatu. Kama kikasha hakishuki vya kutosha, sindano italala mno au haitagusa kabisa. Mpwa wangu aliweka santuri mbovu chini ya ile nzima kama mto, na tangu siku hiyo hana shida.

*Pathé ya wima juu ya HMV.* Hapa unahitaji vitu viwili vinavyouzwa kila kimoja peke yake: kiwiko na yakuti. Kiwiko kinageuza kikasha digrii 90, uso wake uliokuwa ukitazama pembeni uwe mkabala na mwendo wa santuri, umeinama kidogo, ili kupanda na kushuka kwa ncha kuusukume utando. Yakuti inakuja imepachikwa kwenye mguu unaoingia mahali pa sindano ya kawaida. Itazame kwa lenzi kabla hujaitumia. Kijigololi kizima kinang'aa kila upande; kilicholika kina kibapa, na kibapa kina kingo, na kingo hukata.

Kuna mambo madogo ya kukumbuka. Ikiwa santuri inaanzia ndani, zima breki ya kujisimamisha, ama sivyo mashine itasimama kabla msanii hajafungua kinywa. Pathé za zamani zinataka kasi ya 90 hivi, nazo si kila gavana (kidude kinachodhibiti kasi ya mashine) itafika huko. Na usinunue santuri kubwa kuliko sinia yako kwa tamaa tu. Pathé waliwahi kutoa za sentimita 50, ambazo hazitaingia ndani ya kabati lolote la HMV ninalolijua. Ukiyatimiza haya, Pathé inasamehe. Mifuo yake ni mipana, yakuti haikuni, na sauti inatoka laini kuliko nilivyotarajia.

*Diamond Disc juu ya HMV.* Usifanye. Najua kiwiko kipo, najua muuzaji ana video, na najua utajaribu, maana nilijaribu. Maswali mawili kati ya matatu yanakushinda hapa. Kiwiko kinageuza kikasha, sawa. Lakini kijigololi cha Pathé ni kikubwa kuliko mfuo wa Edison, kinaelea juu yake kama gari kubwa kwenye njia ya baiskeli. Na hata ukipata ncha ya kipimo, mifuo ile 150 kwa inchi ni myembamba na mifupi; haikuchongwa ili iburute mkono wa chuma. Mimi nilifanya vibaya zaidi, nikasahau sindano ya chuma kikashani. Mizunguko mitatu, na vumbi la kijivu likajikusanya mbele ya sindano. Kampuni ya Edison yenyewe ilionya kwamba haitawajibika kwa santuri itakayopigwa kwenye mashine nyingine, na nilidhani ni ujanja wa kibiashara. Ulikuwa ujanja, lakini pia ulikuwa ukweli.

Ukitaka kuisikia Diamond Disc bila mashine ya Edison, tumia pleya ya umeme yenye kichwa cha stirio na sindano ya kipimo cha santuri za 78. Fundi ageuze nyaya za upande mmoja wa kichwa, kisha aunganishe pande mbili ziwe moja. Kichwa cha stirio kinaweza kusikia mtikisiko wa juu na chini. Kugeuza nyaya kunafuta wa ubavuni na kubakiza wa wima. Uzito wake ni wa gramu chache, na kazi ya fundi haifiki bei ya kiwiko. Njia hiyo hiyo, bila kugeuza nyaya, ndiyo ninayompendekezea mwenye santuri ya taarabu ya miaka ya 1920 ambayo hajui kama nyingine imebaki duniani: irekodi kwanza kwa pleya nyepesi, halafu ukitaka raha ya pembe uipige kwenye gramafoni siku ya sikukuu.

*Silinda.* Hakuna adapta ya kuifanya mashine ya sahani ipige silinda. Wenye mashine za silinda wana tatizo lao: silinda za dakika mbili zina mifuo 100 kwa inchi, na za dakika nne, zilizotoka mwaka 1908, zina 200. Kwa hiyo "adapta" kwao ni gia ya pili pamoja na kikasha cha pili, au kikasha cha Edison cha aina ya K, chenye ncha mbili za kupinduliwa. Silinda ya nta ya dakika nne huwa imeandikwa 4M ukingoni. Za buluu, zilizoanza 1912, ni za seluloidi na zinastahimili almasi. Za nta usiziguse kwa almasi.

*Sahani za plastiki, yaani LP na za 45.* Hapana, kwa adapta yoyote. Kile kidude cha plastiki cha kuziba tundu kubwa la sahani ya 45 kinakaa vizuri kwenye kijiti cha HMV, na ndicho kinachowadanganya watoto wa ndugu zetu. Mifuo yake ilitengenezewa ncha ya mikroni 25 na mzigo wa gramu chache. Kikasha cha gramafoni kinalemea kwa zaidi ya gramu 100. Sahani itapigwa mara moja, na hiyo mara moja haitapendeza.

Hatua ya 5: Funga na ujaribu

Kabla ya kufunga, kagua mipira. Kikasha cha zamani kina pete mbili za mpira zinazoushika utando wa mika, na nyingine nyuma inapokutana na mkono. Ikishakuwa migumu kama ganda la nazi, hakuna adapta itakayotoa sauti ya maana. Utasikia mtetemo na mkwaruzo ukadhani ni kosa la kiwiko. Kwa pete za utando, mpira mwembamba wa vali ya baiskeli za zamani unafaa sana. Ukate kwa mshazari, ncha zikutane bila kupandana, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kuzunguka, kama unavyokaza nati za gurudumu.

Hewa ndiyo inayobeba sauti, kwa hiyo pima uvujaji. Kabla hujaiweka adapta mahali pake, toa kikasha, ziba kwa kidole gumba tundu kinapoingia kikasha na uvute hewa kwa mdomo upande wa pili wa adapta. Ulimi ukivutwa, hakuna mwanya. Usipovutwa, tafuta pa kuziba kwa nta ya nyuki. Gundi ya papo kwa papo usiitumie. Ipo siku utataka kukitoa.

Halafu jaribu kwa santuri usiyoionea huruma. Kila mwenye gramafoni awe na moja, yenye ufa au wimbo wa kuchosha. Tia ufunguo, acha sinia izunguke, shusha sindano taratibu mahali pasipo na sauti. Sindano iwe imeinama kiasi cha digrii 60, ikifuata mwendo wa santuri na si kuuchimba. Piga nusu dakika, simamisha, futa kwa kitambaa cheusi. Mstari wa unga wa kijivu ukionekana kitambaani, rudi hatua ya 4.

Kuhusu usafi, jambo moja ambalo watu hulikosea kwa kupeana ushauri wa haraka. Santuri ya shelaki isafishe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, na usiiguse kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha shelaki. Diamond Disc ni kinyume chake: maji huingia ukingoni na kuivimbisha, maana ndani zile za mwanzo zina unga wa mbao, hiyo ndiyo ifutwe kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa. Ukichanganya, utapoteza zote mbili siku moja.

Hatua ya 6: Sahihisha kasi

Adapta hubadilisha mzigo, na mzigo hubadilisha kasi. Kwa hiyo pima kasi sindano ikiwa chini, si sinia ikiwa tupu. Njia ya bure: bandika kipande cha karatasi ukingoni na uhesabu mizunguko kwa nusu dakika. Kwa 78 unataka 39, kwa Edison 40, maana zake ni za 80, na kwa Pathé ya 90 unataka 45.

Njia ya kistadi ni duara la mistari. Chora duara la karatasi, uligawe kwa mistari iliyo sawasawa, uliweke juu ya santuri chini ya taa ya umeme. Kasi ikiwa sahihi mistari itaonekana imesimama. Kwa umeme wetu wa Hz 50 chora mistari 77 kwa kasi ya 78, au 75 kwa 80. Balbu iwe ya zamani au ya neon. Nyingi za LED hazimetimeti, na nilikaa saa nzima nikilaumu gavana kabla sijabadilisha taa. Mpwa wangu, kwa kuwa umeme wa Marekani ni Hz 60, anachora 92 na 90.